Matanga Yaliyongoja Treni

Usta Babikir alifariki asubuhi ambayo king'ora hakikulia.

Mji mzima wa Atbara, kule Sudan, uliishi kwa king'ora kile cha karakana ya reli. Kilipolia alfajiri wanawake waliweka chai ya maziwa jikoni. Kilipolia mara ya pili wanaume walitoka na baiskeli zao, barabara ikajaa kengele na makofia. Cha mchana kilipolia, maharage yaliepuliwa. Sittana aliolewa katika mji ule akiwa msichana mdogo, na dereva wa treni ambaye wote walimwita Usta, yaani fundi bingwa, na siku ya kwanza mama mkwe wake alimwambia kwamba mumewe ana wake wawili, yeye na king'ora, na kwamba akitaka amani ndani ya nyumba asishindane na mwenzake.

Wiki ile mke mwenza alikuwa kimya. Reli ilikuwa imegoma. Sittana akachelewa kuamka, na alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda ukuta wa ua. Akageukia kitanda cha pili ili amchokoze mumewe kwamba siku chache tu bila king'ora zimewageuza kuwa watoto wa matajiri. Babikir alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Alikuwa baridi.

Kabla ya kilio, kabla ya jina la Mungu, lilimjia wazo moja ambalo hakulisahau tena: ameondoka bila kuitwa. Mtu aliyeitika king'ora kile tangu hajaota ndevu, ameondoka bila kuitwa.

Kisha akapiga ukelele, na Bakhita, jirani yake, mke wa mchomeleaji, akaruka ukuta wa katikati bila kushika vizuri nguo yake.

Alizikwa kabla ya adhuhuri. Wanaume walimbeba juu ya kitanda chake cha kamba, mabega yakipokezana, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa kazini, wote walikuja: madereva, mafundi wa boila, makarani, watu wa ishara, wafungaji wa mataruma. Mbele ya msafara ilifika makaburini wakati nyuma ingali inapita msikitini. Malori mawili ya polisi yalikuwa yamesimama kwenye njia panda, kwa sababu tangu mgomo uanze ilikuwa marufuku watu zaidi ya watano kusimama pamoja. Ofisa kijana juu ya lori aliutazama umati, akalitazama jeneza, akavua kofia, akainua mikono kusoma Fatiha.

Wanawake hawakwenda makaburini. Habari yote Sittana aliipata kwa Bakhita, ambaye naye aliipata juu ya paa.

"Mwenzangu, wamempeleka kama waziri."

"Usikufuru, Bakhita."

"Basi nimekosea. Waziri angepelekwa na magari. Babikir kapelekwa na mabega."

Sittana alikuwa ameshakaa eda. Walimwogesha, wakamvika nguo nyeupe ya pamba nzito, wakamvua bangili, wakamkalisha juu ya mkeka katika chumba kinachotazama ua. Hangetoka katika nyumba ile mpaka eda iishe. Upande wa pili wa ukuta, barabarani, vijana wa klabu ya reli walitandika mikeka na kufunga turubai kubwa kwenye nguzo za chuma, na hapo ndipo wanaume walipokaa matanga. Ukuta ulikuwa wa tofali moja. Kila neno lilimfikia.

Siku ya kwanza alisikia maneno ya matanga. Mtu anafika, anainua viganja, anasema "Fatiha," wote wanasimama, wanasoma, wanajipangusa uso, wanakaa. Chai inamiminwa. Mtu anasema Babikir alikuwa mtu wa watu. Mwingine anasimulia jinsi alivyosimamisha treni nzima jangwani ili kumpandisha mama mjamzito aliyeachwa na msafara wa ngamia. Sittana alilia akapumzika. Alijua hadithi ile, na alijua kwamba mama yule alimwita mtoto Babikir.

Siku ya pili maneno yalibadilika.

"Khartoum wanasema atakayerudi kazini leo atasamehewa."

"Asamehewe kosa gani? La kuomba mkate?"

"Shsh. Huyo anakuja."

"Fatiha!"

Wote wakasimama. Aliyekuja alikuwa mtu mnene mwenye miwani, ambaye hakuna aliyemjua lakini wote walijua ni wa ofisi gani. Alikaa, akanywa chai, akatega masikio. Mara Fatiha nyingine. Mtu wa miwani akasimama, akasoma, akakaa. Hajamaliza kikombe, Fatiha nyingine. Kila alipotega sikio, mtu upande ule aliinua viganja, na kwa kuwa alikuwa Mwislamu na mwana wa watu, hakuweza kubaki amekaa. Kufikia alasiri magoti yake yalikuwa yakilia kama bawaba, akaondoka.

"Hakuna walii aliyewahi kusomewa hivi," Bakhita alinong'ona, akicheka ndani ya shela. "Babikir kaingia peponi kwa mlango wa mbele, mwenzangu, na bado wanamsukuma."

Sittana hakucheka.

"Wanafanya mkutano," alisema.

"Wangefanyia wapi? Ofisi ya chama cha wafanyakazi wameitia kufuli. Viongozi wamekamatwa wote isipokuwa Hasabu."

"Hasabu yuko wapi?"

Bakhita akaelekeza kidole ukutani. Hasabu, katibu wa chama, fundi wa karakana ambaye polisi walimtafuta kila nyumba, alikuwa amekaa pale nje tangu asubuhi, kajifunga kilemba kikubwa kama mkulima aliyekuja kutoka shamba, akiwamiminia watu chai.

Hasira ikampanda Sittana. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na jina. Binti yake wa pekee, Nasra, alikuwa Port Sudan, kaolewa na karani wa bandari. Simu ilipelekwa kumjulisha. Jibu lilirudi kwamba amefunga nguo zake, amekwenda stesheni, na amekaa stesheni, kwa sababu hakuna treni. Baba yake amezikwa bila yeye. Na waliosimamisha treni ni hao hao walioko chini ya turubai, wanakunywa chai ya msiba wake.

Wala hakusahau ugumu uliowafikisha pale. Mwaka ule kila kitu kilipanda isipokuwa mshahara, na mshahara wenyewe ulikuja ukipenda. Sukari ilipangiwa foleni, mafuta yakapangiwa foleni, mkate ukawa mdogo mpaka watoto wakauita biskuti. Chama kilipoomba nyongeza serikali ilijibu kwamba hazina ni tupu, na kwamba walioikopesha kutoka ng'ambo wametoa masharti. Chama kikasimamisha treni. Serikali ikakivunja chama kwa tangazo la redio, na tangazo la pili likasema asiyerudi kazini ataondolewa kwenye nyumba ya reli. Na mtaani kwao nyumba zote zilikuwa za reli.

Haya yote aliyajua. Lakini mume alikuwa wake.

"Kesho ni siku ya tatu," akasema. "Kesho matanga yanaanuliwa, waende wakakutane kwingine. Babikir wangu si ukumbi."

Bakhita akajitanda shela, akatoka kwenda kumweleza Hasabu.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mitende, gari la serikali lilisimama mwanzo wa mtaa. Polisi mwanaume asingeweza kuingia kwa mwanamke wa eda, wala mkuu wa mkoa mwenyewe asingeweza. Lakini Muawiya aliweza. Muawiya, naibu wa mkuu wa mkoa, alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, mtoto wa mfungua njia za treni. Mama yake aliugua baada ya kujifungua, na Sittana, aliyekuwa na Nasra kifuani, alimpa titi la pili. Kwa hiyo alikuwa mwanawe wa kunyonya, na mwana anaingia kwa mama yake.

Alivua viatu mlangoni. Aliinua viganja, na alipofika katikati ya Fatiha akaangua kilio cha kweli. Sittana akamwacha alie. Kisha akasema:

"Haya. Sema ulichokuja nacho."

"Mama, nimekuja kumlilia baba."

"Umelia. Lakini viatu vyako vimepigwa rangi, Muawiya. Anayekuja kulia tu hakumbuki viatu."

Akafuta macho, akatabasamu kidogo kwa aibu. Akakaa chini, sakafuni, mbali na mkeka.

"Mama, hali ni mbaya kuliko mnavyojua. Ngano iko bandarini imerundikwa mpaka juu, Khartoum watu wanalala njaa. Pamba imekwama, na bila pamba hatuna kitu cha kuuza. Wakopeshaji wako hotelini, wanatungoja tuseme ndiyo kwa kila wanachotaka. Waziri analala ofisini. Si kwamba hawataki kutoa. Hawana."

"Kama hawana, si wangekuja wakasema hawana? Hawa watu wangewaelewa. Nani asiyeijua sufuria tupu? Wao wametuma malori."

Muawiya akatazama vidole vyake.

"Sikuombi useme neno lolote kuhusu mgomo," akasema. "Wala sikuombi dhambi. Kesho ni siku ya tatu. Naomba mila zetu tu, Mama. Matanga yaanuliwe kesho, watu watawanyike. Turubai hili ndilo mahali pekee mjini ambapo watu mia tatu wanaweza kukaa pamoja na hakuna askari atakayethubutu kuwagusa. Likishuka, mgomo utakwisha wenyewe. Na nyumba hii itakuwa yako mpaka siku yako. Nimepewa neno na mkuu wa mkoa mwenyewe."

Sittana akatazama kuta. Alama za urefu wa Nasra zilikuwa bado mlangoni, na za Muawiya pembeni yake.

"Na wengine mtaa huu? Bakhita atakwenda wapi?"

"Bakhita ana mdomo, Mama. Hakosi pa kukaa."

"Nimesikia!" Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nimekusikia, mwana wa mfungua njia! Nilikubadilisha nepi mimi!"

"Nisamehe, shangazi," Muawiya akasema haraka, akainuka. Akambusu Sittana kichwani. "Fikiri, Mama. Ambacho ungekifanya hata bila mimi, kifanye tu."

Hapo ndipo palipomuuma. Alikuwa ameshaamua lile lile. Sasa lilimkaa kinywani kama chakula ambacho mtu mwingine amekionja kwanza.

Shemeji yake Khidir, kaka wa marehemu, mkulima wa vitunguu aliyevuka mto kuja msibani, alikuwa amekaa uani na amesikia yote. Yeye ndiye angetamka kesho kwamba matanga yameisha, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo.

"Shemeji, chukua nyumba," akasema. "Hao wa turubai watakula nini wakishinda? Na wewe utalala wapi wakishindwa? Kaka yangu alikufa hana hata ua wa kwake. Chukua."

"Niitie Hasabu," Sittana akasema.

Hasabu alikuja mlangoni, pazia likiwa katikati yao. Kabla Sittana hajamwambia neno, yeye akaanza.

"Mama Nasra, najua. Bakhita amenieleza. Hatukukuomba ruhusa, tumekosea. Kesho nitaleta vijana wafungue kamba, tushushe turubai. Msiba ni wako."

"Mkishusha mtakutana wapi?"

"Mungu atatupa mahali."

"Mungu amekupa mahali, ukapachukua bila kubisha hodi." Akasogea karibu na pazia. "Niambie kitu kimoja, na usinidanganye kwa sababu mimi ni mjane. Siku mlipopiga kura, Babikir alisemaje?"

Hasabu alicheka, kicheko kidogo cha huzuni.

"Alitupa tabu, Mama. Wote tumeinua mikono, yeye kakaa. Nikamwuliza, Usta, hupo nasi? Akasema, niko nanyi, lakini siwezi kugoma na injini yangu ni chafu. Nipeni jioni moja. Nikamwambia Usta, huu ni mgomo, si sikukuu. Akasema, nikiiacha chafu watasema nimechoka. Nataka wajue sikuchoka. Basi nani angebaki na injini chafu baada ya maneno yale? Banda zima tulikaa mpaka magharibi tunapangusa, tunatia grisi. Askari walipoingia kesho yake kutafuta tulichoharibu, walikuta shaba inang'aa. Mkubwa wao alisimama mlangoni akauliza: hawa watu wamegoma au wanangoja harusi?"

Sittana alijua jioni ile. Babikir alirudi mikono myeusi mpaka viwikoni, akikataa kunawa kabla hajala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwuliza kulikoni. Akajibu, "Nimeilaza vizuri," kama mtu anayezungumzia mtoto. Alidhani ni maneno ya uchovu.

"Nenda, Hasabu," akasema. "Kesho njoo na vijana wako."

Siku ya tatu mtaa ulifurika. Habari zilikuwa zimeenea kwamba turubai linashuka, na watu walikuja kuaga. Vijana walisimama kwenye nguzo, mikono kwenye kamba. Mtu wa miwani alirudi, akakaa karibu na jiko la chai, mapema, ili achague mahali pa kuegemea. Gari la Muawiya lilikuwa mwisho wa mtaa, naye kasimama pembeni yake, mikono nyuma.

Kwao kuna desturi. Kabla ya kuanua matanga mkubwa wa ukoo hugeukia upande wa wanawake na kuuliza kama kuna mtu anayengojwa. Ni swali la zamani, la enzi za misafara ya ngamia, wakati ndugu waliweza kuwa njiani mwezi mzima. Siku hizi linaulizwa kwa kupita tu. Mwanamke mmoja ndani anajibu "hakuna," Fatiha ya mwisho inasomwa, mikeka inakunjwa.

Khidir akasimama. Akakohoa. Akauliza kwa sauti:

"Enyi watu wa nyumba, kuna mtu tunayemngoja?"

Ndani, Bakhita alifungua kinywa kujibu. Sittana akamshika mkono.

Mwanamke wa eda huongea kwa sauti ya chini. Sauti yake haitakiwi kupita kizingiti. Sittana alijua hivyo na alilishika hilo kwa siku tatu. Sasa akasimama juu ya mkeka wake, akaukaribia ukuta wa tofali moja, akasema kwa sauti aliyoitumia zamani kumwita Babikir kutoka upande wa pili wa yadi ya treni:

"Yupo!"

Kamba zikaachwa.

"Yupo nani, shemeji?" Khidir akauliza, akiwa amechanganyikiwa.

"Nasra. Binti yake. Amekaa stesheni ya Port Sudan na nguo zake. Mtoto wa marehemu hajamlilia baba yake, nyinyi mnakunja mikeka?"

Hakuna sheikh ambaye angelipinga hilo, wala mkuu wa mkoa. Mnong'ono ulipita chini ya turubai kama upepo, na kabla haujafika mwisho Muawiya alikuwa amekwishatembea, akapita katikati ya watu, akafika kwenye ukuta.

"Mama," akasema, sauti yake ya upole lakini wote wakisikia, "Nasra ni dada yangu. Nitapeleka Landrova leo hii. Keshokutwa atakuwa hapa."

Ilikuwa hoja nzuri. Hasabu, kutoka chini ya kilemba chake, aliinamisha kichwa. Watu wakangoja.

"Ahsante, mwanangu," Sittana akasema. "Una moyo. Lakini Nasra ni binti wa dereva wa treni. Alizaliwa baba yake akiwa njiani, aliolewa akapanda behewa lililovutwa na baba yake. Hatakuja kumlilia ndani ya gari la serikali, kama mtu aliyekamatwa. Atakuja kwa treni."

"Kutakuwa na treni, Mama. Jeshi litaleta madereva."

"Atakuja kwa treni inayoendeshwa na wenzake Babikir. Wenyewe. Kwa kuitwa na king'ora, na kwa mshahara wao. Siku hiyo niulizeni tena kama kuna tunayemngoja. Kabla ya hapo mkeka hauinuki."

Akakaa. Bakhita alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu kigelegele kilikuwa kimemjia hadi kwenye meno, na hapo palikuwa matangani.

Nje, Muawiya alisimama akitazama ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo lilisimuliwa mjini kwa muda mrefu. Aliinua viganja akasema, "Fatiha." Watu wote wakasimama wakasoma pamoja naye, na mtu wa miwani akasoma. Kisha akakaa mkekani, na Hasabu, katibu aliyekuwa akisakwa, akammiminia chai. Walitazamana. Muawiya alikunywa mpaka chini, akarudisha kikombe, akaenda mlangoni kwa mama yake.

"Umeniua, Mama."

"Maziwa yangu hayajawahi kuua mtu. Nenda kawaambie ulichosikia."

Basi matanga yakakaa. Sukari ilikwisha, wakanywa chai kwa tende. Kila nyumba ya mtaa ilileta sinia yake, na nyumba ambazo hazikuwa na cha kutia kwenye sinia zilileta maji. Mitaa mingine ikaanza kuleta. Usiku turubai lilishushwa kidogo kuzuia upepo, asubuhi likainuliwa. Ofisa kijana wa lori alitumwa kuja kusoma amri ya kutawanyika. Alifika, akasema Fatiha kwanza, kama mtu mwenye adabu, na baada ya Fatiha karatasi haikutoka tena mfukoni.

Sittana alisikiliza yote kupitia ukuta. Hakusema tena neno nje. Lakini waliozoea kumwona akilia peke yake walimkuta ameketi wima, na alipoulizwa kama kelele zinamsumbua alisema ni kelele za kazini kwa mumewe.

Mwishowe serikali ilitaka kuzungumza. Khartoum ilikuwa haina mkate na bandari haina nafasi. Lakini izungumze na nani? Chama ilikuwa imekivunja yenyewe. Ofisi ilikuwa imeitia kufuli yenyewe. Viongozi walikuwa ndani. Kwa hiyo mjumbe wa waziri, mzee mwenye joho la hariri, alishuka kwenye gari mwanzo wa mtaa, akavua viatu kwenye mchanga, akainua viganja, akakaa mkekani. Alizungumza tangu asubuhi mpaka alasiri, akisimama kila mgeni alipofika.

"Mwenzangu, kazeeka mwaka mzima," Bakhita aliripoti kutoka juu ya paa. "Kila wakifika kwenye mshahara, mtu anakuja na Fatiha."

Hawakupata yote waliyoomba. Nyongeza ilikuwa nusu, na Hasabu mwenyewe alisema hivyo bila kuipamba. Lakini waliokamatwa walitoka, hakuna aliyetupwa nje ya nyumba yake, na kufuli likaondolewa. Alfajiri moja, mji mzima ukiwa bado vitandani, king'ora kililia. Sittana aliamka akaketi. Mkono wake ulishakwenda kwenye birika la chai kabla hajakumbuka. Akauacha pale juu ya birika mpaka kilipomaliza kulia.

Treni ya Port Sudan iliingia mjini siku chache baadaye. Injini ilikuwa ya Babikir. Wenzake walikuwa wameomba iwe hiyo, na haikuhitaji kusafishwa. Nasra alikuja kwa miguu kutoka stesheni, na nyuma yake wanaume wenye baiskeli, wakizisukuma, hakuna aliyepanda. Alilia mlangoni kwa sauti ambayo alikuwa ameishikilia muda wote ule, mama yake akamshika, na wanawake wa mtaa mzima wakalia naye upya kana kwamba marehemu amelala bado uani.

Alipotulia, Khidir alisimama chini ya turubai. Alikohoa.

"Enyi watu wa nyumba, kuna mtu tunayemngoja?"

Sittana alimtazama binti yake, akatazama kitanda cha kamba kilichokuwa kimerudishwa ukutani.

"Hakuna," akasema, kwa sauti ya chini, kama inavyompasa mwanamke wa eda. Lakini nje walisikia.

Nyumba, kwa kuwa ya reli ni ya aliye kazini, ilipangiwa dereva mwingine, kijana mwenye watoto, aingie eda ikiisha, kama ilivyokuwa haki. Muawiya alikuwa amehamishwa kabla ya hapo. Wakubwa wake walisema ametumwa kushusha turubai moja akashindwa. Siku eda ilipoisha, wanawake walimpeleka Sittana mtoni kuoga, kama desturi, na aliporudi kufunga vitu alimkuta Muawiya mlangoni bila gari, suruali imekunjwa, ameegemeza baiskeli ya kuazima.

"Viatu vyako vina vumbi," Sittana akamwambia.

"Nimekuja kubeba tu, Mama."

Alikifunga kitanda cha Babikir juu ya baiskeli kwa kamba, miguu ya kitanda ikitazama mbinguni, akaanza kusukuma kuuzunguka mtaa kuelekea kwa Bakhita, ambaye mlango wake ulitazama barabara ya nyuma na ambaye alikuwa ameshatangaza juu ya ukuta kwamba chumba kiko tayari na kwamba mwana wa mfungua njia ajihadhari asiukwaruze mlango wake. Mafundi waliokuwa wakirudi kazini walishuka kwenye baiskeli zao walipokiona kitanda kile. Walisimama pande zote mbili za barabara mpaka kilipopita, na Sittana akapita nyuma yake, kichwa juu, akiwaitikia salamu mmoja mmoja kwa majina yao.